Mwalimu, usitupe chaki kabla programu haijakulipa

Siku hizi hapa Eldoret ukiambiwa mwalimu kijana yuko darasani, uliza ni darasa lipi. Mchana yuko mbele ya Gredi ya 8 akifundisha Hisabati. Usiku amekaa kitandani na laptopu mapajani, sasa yeye ndiye mwanafunzi, anafunzwa na msee wa YouTube jinsi ya kuunda tovuti. Wapo waliochoka na maisha hayo ya sehemu mbili wakaamua moja: chaki basi, sasa ni kompyuta.

Ubishi uliobaki ni kama hao wamejanjaruka ama wameruka majivu wakakanyaga moto.

Wacha niseme mapema nasimama wapi. Mimi si mwalimu wala mhandisi wa programu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo nakula kwa kuandika mtandaoni. Lakini kwa sababu najua kuweka tovuti hewani, watu wenye digrii na namba ya TSC hunitafuta kuniuliza waanzie wapi. Ninachowaambia ni hiki: kazi unayoikimbia na kazi unayoikimbilia zina ugonjwa mmoja. Zote zimeng'olewa kidato cha kwanza cha ngazi, pale ambapo mtu asiye na uzoefu hukanyaga ili apande. Ukilielewa hilo utaona kwa nini kuruka tu hakutoshi, na kwa nini mwalimu ana kitu ambacho vijana wengi wa kompyuta hawana.

Elfu ishirini za mwanagenzi

Tuanze huko wanakotoka. Sekondari Msingi, ile sisi wote tunaita JSS, ilianza Januari 2023. Serikali ilihitaji walimu wengi kwa haraka, na njia iliyochagua ni uanagenzi. Mtu amesomea ualimu, amesajiliwa na TSC, anafundisha vipindi kama mwenzake wa kudumu, lakini anapewa mkataba wa muda na Sh20,000 kwa mwezi. Hiyo ni kabla ya makato.

Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kuwa TSC haina mamlaka ya kuwachukua walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu wa JSS walishuka barabarani wakidai ajira ya kudumu. Baada ya vuta nikuvute, walimu 46,000 waliingizwa kwenye ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Shangwe, vigelegele. Lakini mwezi huo huo wanagenzi wengine 20,000 wakaanza safari ile ile ambayo wenzao walikuwa wametoka kuilalamikia.

Na usisahau kwamba hao ndio wenye bahati. Huku nje kuna walimu zaidi ya 300,000 waliosajiliwa na ambao TSC haijawaajiri. Wengine wako shule za kibinafsi. Wengine wameajiriwa na bodi za shule, wale tunaita walimu wa BOM, na mshahara wao hutegemea kama karo imeingia. Wengine wako kwa boda, kwa mitumba, kwa shamba la mahindi la mzee.

Sasa fanya hesabu ya mwanagenzi mmoja tu. Tuseme analipa bedsita ya elfu sita huko Kimumu au Annex, anapanda matatu kwenda shuleni na kurudi, anatuma kitu nyumbani kwa mathee, na bado ana mkopo wa HELB unaomsubiri. Kufikia tarehe kumi na tano ganji imeisha. Mtu kama huyo akisikia kuna kijana wa Nairobi analipwa kwa dola akiwa kwa nyumba, utamlaumu kwa kuota? Mwalimu wa aina hiyo hana chuki na watoto. Amechoka kuambiwa asubiri.

Huko kwenye kompyuta nako

Basi tuvuke ng'ambo ya pili tuone. Kampuni ya Andela ilianzishwa Nigeria mwaka wa 2014 na baadaye ikafungua ofisi Nairobi. Wazo lake lilikuwa tamu: kuwachukua vijana wenye vichwa vizuri hata kama hawana uzoefu, kuwafunza huku wakilipwa, kisha kuwakodisha kwa kampuni za ng'ambo. Hicho ndicho kilikuwa kidato cha kwanza chenyewe, na wengi walikitamani.

Septemba 2019 Andela ilitangaza kwamba inapunguza takriban watu 400 wa ngazi ya chini Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu? Wateja hawakutaka wanaoanza. Walitaka waliokomaa. Kumbuka hiyo ilikuwa kabla ya korona, na miaka mitatu kabla ya ChatGPT kutoka.

ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, ikafuatwa na wenzake, mambo yakakaza zaidi. Angalia kazi ambazo mgeni ofisini alikuwa akipewa ili ajifunze: fomu ya kujisajili, ukurasa wa malipo, kurekebisha kosa dogo kwenye programu ya mtu. Leo mhandisi mwenye uzoefu anaiambia akili unde ifanye, anakagua, anasonga. Kazi bado ipo, lakini ile kazi ndogo ambayo ilikuwa karo ya mwanafunzi imepungua.

Ongeza na hali ya kampuni za hapa kwetu. Sendy ilifunga shughuli mwaka wa 2023. Copia, iliyokuwa ikiuzia watu wa mashinani bidhaa kwa simu, iliingia mikononi mwa wasimamizi mwaka wa 2024 baada ya pesa kukatika. Kampuni kama hiyo ikianguka, wahandisi wake hawaendi mbinguni. Wanaingia kwenye soko lile lile unalotaka kuingia wewe, wakiwa na miaka yao ya uzoefu mkononi.

Halafu si kila "kazi ya kompyuta" ni ya kuunda programu. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliokuwa wakisoma na kupanga maandishi machafu ili kuifunza ChatGPT, walipokea chini ya dola mbili kwa saa. Walikuwa mbele ya skrini, ndiyo. Lakini mwalimu akitoka kwa elfu ishirini aende huko, amehama nini?

Kwa hivyo foleni ziko mbili. Tofauti ni kwamba ya TSC unaiona, na hii nyingine huioni mpaka umetuma wasifu wako mara hamsini na hakuna aliyejibu.

Wale mabilionea waliokuwa walimu

Hapa ndipo watu wa motisha huingia na mifano yao. Wanakuambia Jack Ma wa Alibaba alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Ni kweli. Lakini Jack Ma hakuwa mtaalamu wa kompyuta, kwa hivyo huyo tumuweke kando.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Reed Hastings, mmoja wa waanzilishi wa Netflix. Huyu alifundisha hisabati katika shule ya upili huku Afrika, nchini Eswatini, kati ya 1983 na 1985. Kisha akawa mtu wa programu na mwaka wa 1991 akaanzisha kampuni yake ya kwanza, Pure Software. Tamu, sivyo? Lakini katikati ya hadithi kuna sehemu ambayo huwa inarukwa: alienda Chuo Kikuu cha Stanford akasomea shahada ya pili ya sayansi ya kompyuta. Alivuka kwa daraja kubwa la mawe. Wewe na mimi tunavuka Sosiani kwa gogo.

Anayefaa kusomwa na mwalimu wa Eldoret ni Quincy Larson, Mmarekani ambaye watu wengi wanaotumia kazi yake hata hawalijui jina lake. Alikuwa mwalimu na mkuu wa shule kwa miaka. Alianza kujifunza programu akiwa mtu mzima, na kilichomsukuma kilikuwa shida ya ofisini mwake: walimu walikuwa wanapoteza muda mwingi kwa makaratasi, naye akataka kompyuta ifanye hiyo kazi ili wao warudi kwa wanafunzi. Mwaka wa 2014 akaanzisha freeCodeCamp, shule ya mtandaoni isiyotoza hata bob, ambayo ndiyo wengi wetu huku tumeanzia.

Ona alivyovuka. Alianza na shida aliyoijua kwa sababu alikuwa mwalimu. Dola za ng'ambo hazikuwa mwanzo wa hadithi.

Saa 300, na hiyo ni cheti kimoja

Kabla hujavuka, jua bei ya daraja. Bei yenyewe ni muda. freeCodeCamp walikuwa wakikadiria takriban saa 300 kwa kila cheti chao. Tuseme mwalimu anatenga saa mbili kila usiku, siku tano kwa wiki. Hizo ni saa kumi. Cheti kimoja kitamchukua wiki 30. Vitatu, ambavyo ndivyo angalau vinakupa picha ya kazi yenyewe, vinachukua wiki 90. Karibu mwaka na miezi tisa, na hapo sijahesabu usiku ambao stima imepotea, wiki za kusahihisha mitihani, na siku ambazo mwili umekataa tu.

Kwa hivyo mtu akikuambia utakuwa mhandisi wa programu kwa miezi mitatu na kazi imehakikishwa, lipa kwanza, shika mfuko wako. Sisi wa Uasin Gishu hatuhitaji kufunzwa hilo na mtu wa nje. Tuliona mpango wa kaunti wa kupeleka vijana masomoni Finland na Canada. Familia zilitoa pesa nyingi, na mwaka wa 2023 wazazi waliandamana papa hapa mjini wakidai warudishiwe. Ukishaona hilo, neno "imehakikishwa" linafaa kukufanya uombe maelezo kwa maandishi.

Sisemi mafunzo ya kulipia yote ni bure kabisa. Moringa School iko Nairobi tangu 2014 na wapo waliotokea huko wakapata kazi. ALX wana mafunzo ya mtandaoni. Kisumu kuna Zone01, ambako hawakuulizi digrii. Eldoret tuna EldoHub kwa mtu anayetaka kukaa na wenzake badala ya kupambana peke yake chumbani. Swali la kuuliza popote pale ni moja: waliomaliza mwaka uliopita wako wapi sasa, na naweza kuongea na watatu kati yao?

Mwalimu naye ana faida moja ambayo mfanyakazi wa benki hana. Ana likizo. Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Likizo hizo ukizitumia kwa saa sita kwa siku badala ya mbili, zile wiki 90 zinapungua sana. Ukiacha kazi leo umeuza pia hizo likizo, umebaki na muda mwingi na mfuko mtupu, na njaa haijawahi kumsaidia mtu kuelewa JavaScript.

Darasa ndilo mtaji

Sasa tuje kwa kile nilichosema mwalimu anacho.

Kijana wa miaka 22 aliyetoka chuo akijua programu vizuri ana shida moja: hajui aunde nini. Ndiyo maana kila mtu anaunda apu ya kuagiza chakula. Mwalimu anaishi ndani ya shida zinazosubiri programu. Anajua alama za mtihani zinavyoandikwa mara tatu, kwa karatasi, kwa kitabu, kisha kwa kompyuta. Anajua vile mtandao wa KNEC hulemewa siku ya mwisho ya kupakia alama za tathmini, kila shule ikiwa imengoja hadi usiku. Anajua bursari ya mtoto imeingia kwa akaunti ya shule lakini mzazi bado anatumiwa ujumbe wa deni. Anajua ratiba ya vipindi ya shule yenye walimu tisa na kazi ya walimu kumi na tano huchorwa vipi. Na anajua kwamba mzazi wa Ziwa au Moiben huenda ana kabambe, kwa hivyo apu maridadi haimsaidii lolote kama haiwezi kutuma ujumbe mfupi.

Ushahidi upo. Zeraki, inayotumiwa na shule nyingi za upili nchini kuchanganua matokeo, imekua kwa kushughulikia kazi ambayo kila mwalimu wa darasa anaijua na kuichukia. Eneza Education, iliyoleta masomo kwa ujumbe mfupi kupitia Shupavu 291, ina mwalimu miongoni mwa waanzilishi wake, Toni Maraviglia, aliyeungana na mtu wa programu, Kago Kagichiri. Mmoja alijua watoto wanakwama wapi, mwingine alijua kuunda. Mwalimu anayejifunza programu anajaribu kuwa wote wawili.

Hata akili unde, ile inayowatisha wanaoanza, inamsaidia mtu wa aina hii. Kama thamani yako ni kuandika mistari ya programu tu, mashine inakushindania chakula. Kama thamani yako ni kujua shida yenyewe, kuieleza hatua kwa hatua, na kutambua jibu ambalo linapendeza lakini si sahihi, basi mashine ni kibarua wako. Na kueleza hatua kwa hatua na kunusa jibu la uongo, si hiyo ndiyo kazi ya mwalimu tangu zamani?

Na watoto je?

Kuna upande wa hii habari ambao haumhusu mwalimu peke yake.

Serikali imekuwa ikiahidi kompyuta shuleni tangu kampeni za 2013. Tabuleti za shule za msingi zilianza kusambazwa 2016, na Chuo Kikuu cha Moi cha hapa kwetu, kikishirikiana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, kilikuwa miongoni mwa waliopewa zabuni. Mwaka wa 2022 mtaala wa kufunza watoto kuandika programu uliidhinishwa. Januari 2026 kundi la kwanza la mfumo mpya liliingia Gredi ya 10, ambako wanafunzi wanachagua njia zao, na ile ya sayansi na teknolojia ndiyo inayopigiwa debe zaidi.

Uliza basi nani atawafundisha. Mwalimu anayejua kuandika programu ndiye huyo huyo ambaye mfumo unamlipa elfu ishirini na kumwambia asubiri. Akiondoka, mtoto wa Kesses au Soy atachagua njia ya teknolojia kwenye karatasi, kisha afundishwe kompyuta kwa kuchorewa kibodi ubaoni. Mtoto wa shule kubwa ya Nairobi atakuwa anaunda programu ya kweli. Pengo hilo ndilo litakuwa tofauti ya mishahara yao miaka kumi ijayo.

Siwezi kumwambia mwalimu abaki ili aokoe taifa. Uzalendo haulipi landlodi. Anayepaswa kuambiwa ni mwajiri: mwalimu aliyejifunza ujuzi ambao mtaala wako unauhitaji na bado unamweka kwa uanagenzi, unamfukuza bila kumwandikia barua.

Ukiamua kuvuka

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukataza kununua msala. Walikataza kulala chini ukiusubiri. Kwa hivyo kwa mwalimu anayesoma hii kwa simu saa ya mapumziko, mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, usiondoke kimyakimya. Mwalimu aliyeajiriwa akikosa kazini siku 14 mfululizo bila ruhusa anahesabiwa ametoroka, na hiyo rekodi itakufuata. Ukiwa wa kudumu, kumbuka pia kwamba chini ya mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021 unachangia asilimia 7.5 ya mshahara wako na serikali inaweka asilimia 15. Ukitoka, hakuna mteja wa mtandaoni atakayekuwekea hiyo.

Pili, chagua shida moja ya shule yako na uitengenezee programu ndogo, hata kama ina sura mbaya. Mwalimu mkuu akiitumia muhula mzima bila kukupigia simu saa nne usiku, tayari una uzoefu ambao cheti hakitoi.

Tatu, tafuta mtu wa kulipa. Shule jirani, sacco, kanisa, duka la vifaa vya shamba hapo Uganda Road. Elfu tatu ya mteja wa kweli inakufunza bei, malalamiko na kuchelewa kulipwa, mambo ambayo hakuna video inafunza.

Nne, jiwekee mpaka. Wangu ni huu: pesa za programu zikizidi mshahara wa ualimu kwa miezi sita mfululizo, na una akiba ya miezi mitatu ya kodi ya nyumba na chakula, andika barua ya kujiuzulu. Kabla ya hapo, ni kazi ya usiku.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024 na tangu hapo kila mtu anauliza jiji hili litaishi kwa nini zaidi ya mahindi na mbio. Mimi nadhani sehemu ya jibu iko kwa hao watu wanaosahihisha vitabu saa mbili usiku na kufungua laptopu saa tatu. Kama watavuka salama, tutapata programu zinazojua maisha yetu. Kama wataruka wakaanguka, tutakuwa tumepoteza mwalimu na mhandisi kwa mpigo mmoja.